Mwezi Umeandama Mara Ngapi?

Wasikilizaji wangu, leo nazungumza na ninyi nyote mlio Nchelenge mjini, Kashikishi sokoni, visiwani Chisenga na Kilwa, na ndugu zetu wa Mantapala ambao Kiswahili ndicho mlichovuka nacho. Karibuni tukae pamoja kwa muda mfupi. Mama aliye jikoni asogeze redio karibu. Baba anayeshona wavu aendelee kushona, ila masikio ayalete huku, maana leo nitamhitaji.

Nataka tuzungumze juu ya swali moja ambalo kila mjamzito huulizwa siku ya kwanza anapokwenda kliniki. Amekaa kwenye benchi tangu asubuhi, amepimwa uzito, amepimwa damu, sasa yuko mbele ya mkunga. Mkunga anachukua kalamu na kuuliza: "Mama, siku zako za mwisho ulianza kuziona tarehe ngapi?"

Hapo kimya kinaingia. Mama anatazama dari. Anamtazama wifi yake aliyemsindikiza. Anasema, "Ilikuwa mwezi wa pili." Mwanzoni au mwishoni? "Katikati, katikati." Na mkunga, akijua foleni iliyoko nje, anaandika tarehe 15. Tarehe hiyo ya kukisia inaingia kwenye kadi, na tangu siku hiyo haiitwi tena makisio. Dawa zitatolewa kwa kuifuata, tumbo litapimwa kwa kulinganishwa nayo, na siku ya kujifungua itahesabiwa kutoka hapo. Mkunga amefanya alichoweza. Sisi ndio tulikwenda bila jibu.

Kwa nini nasema jambo hili linatuhusu sana sisi wa ziwani? Sikilizeni.

Mimba yangu ya kwanza niliibeba kisiwani, kwa wakwe zangu. Kliniki nilikwenda tumbo likiwa limeshakuwa kubwa, na nilipoulizwa nilijibu kama huyo mama wa katikati, katikati. Kwa hesabu iliyoandikwa, nilikuwa na mwezi mzima mbele yangu. Usiku mmoja uchungu ukaja. Mume wangu hayupo, upepo umeamka, mitumbwi imeshatoka kuvua. Walipata boti moja. Nilikaa chini kabisa, mgongo kwenye ubao unaonuka samaki wa chisense, na mama mkwe akaishika karabai mbele ya uso wangu kana kwamba mwanga ungezuia mtoto asitoke. Sikumbuki maumivu kama ninavyokumbuka sauti ya ile karabai. Tulifika nchi kavu alfajiri, na mtoto akazaliwa jua halijachomoza. Mkunga alimgeuza, akazitazama nyayo zake, akanionyesha mikunjo iliyojaa kutoka vidoleni hadi kisiginoni. Akasema, "Mwanangu, huyu hajawahi. Huyu ametimia. Hesabu yako ndiyo iliyochelewa."

Mtoto wa watu alikuja kwa wakati wake. Mimi ndiye sikujua wakati ni upi. Mtu anayeishi hatua chache kutoka hospitali akikosea wiki nne, atatembea hatua zilezile. Mtu wa kisiwani akikosea wiki nne, anavuka maji usiku. Tofauti ndiyo hiyo, na ndiyo sababu nimeleta mazungumzo haya leo.

Basi tuanze kuhesabu. Taratibu, pamoja.

Hesabu ya mimba huanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Narudia: siku ya kwanza, ile damu ilipoanza. Siku ilipokatika haihesabiwi. Kutoka hapo mpaka kujifungua huhesabiwa siku 280, ambazo ni wiki 40. Njia nyepesi ya kuipata tarehe ilienezwa na daktari wa Kijerumani, Franz Naegele, aliyefundisha Heidelberg katika karne ya 19, na wakunga duniani kote wanaitumia mpaka leo: chukua tarehe hiyo, ongeza siku saba, kisha rudi nyuma miezi mitatu.

Tuchukue mfano, na mfano huu tutakwenda nao mpaka mwisho, kwa hiyo ushike. Mama mmoja alianza kuona siku zake tarehe 21 Novemba. Ongeza siku saba: 28 Novemba. Rudi nyuma miezi mitatu: Oktoba, Septemba, Agosti. Tarehe 28 Agosti. Hiyo ndiyo siku anayotazamiwa kujifungua. Umeona? Hakuna kikokotoo, ni vidole tu. Mkunga ana kile kigurudumu chake cha karatasi ngumu cha kuzungusha, lakini kinachofanyika ndani yake ni hichohicho.

Sasa kuna dada ataniuliza: "Kama ni wiki 40, na mwezi una wiki nne, si ni miezi kumi? Mbona tunasema miezi tisa?" Swali zuri. Mwezi wa kalenda una wiki nne na siku mbili tatu za ziada. Siku hizo za ziada ukizikusanya kwa miezi tisa, zinafanya wiki tatu nzima. Ndiyo maana mkunga hakubaliani na wewe ukimwambia, "Nina miezi minane, yaani wiki 32." Miezi minane kamili ni karibu wiki 35. Kosa la wiki tatu limeshaingia, na hakuna aliyedanganya. Kwa hiyo kliniki uliza wiki. Muulize mkunga kila unapokwenda: "Leo nina wiki ngapi?" Kisha itamke nyumbani, mume asikie, mama mkwe asikie.

Lakini wenye kalenda ukutani ni wangapi? Najua nyumba nyingi ambazo kalenda ni ile ya duka la mwaka juzi, imebaki kwa ajili ya picha. Sawa. Sisi tuna kalenda nyingine, na hatujawahi kuikosa hata usiku mmoja. Mwezi wa mbinguni.

Angalieni lugha zetu wenyewe. Kiswahili kinasema mwezi, kikimaanisha ule unaoangaza na zile siku thelathini, na tunasema mwanamke amekwenda mwezini. Kibemba nacho kinasema umweshi, ule wa juu na ule wa kuhesabu. Na wavuvi wetu wa chisense, je? Chisense huvuliwa kwa taa usiku, na mbalamwezi ikiwaka samaki hawaikimbilii taa kama wanavyoikimbilia usiku wa giza. Mvuvi wa Kashikishi ukimuuliza leo mwezi una siku ngapi, hatatazama simu. Anajua. Maarifa hayo yamo nyumbani tayari. Tuyatumie kwa mimba.

Fanya hivi. Siku damu inapoanza, toka nje usiku uutazame mwezi. Ni mwandamo, ule mwembamba kama ukucha? Ni mpevu? Au hauonekani kabisa? Chukua uzi wa wavu, funga fundo. Kila mwezi unaporudi katika hali ileile, funga fundo jingine. Mwezi mmoja wa mbinguni ni siku ishirini na tisa na nusu. Kwa hiyo fundo la nane likifungwa baada ya lile la kwanza, uko karibu wiki ya 34. Fundo la tisa likifungwa, umetimiza wiki 38, na unapaswa kuwa umelala karibu na mkunga. Siku yako ya kutazamiwa iko nusu mwezi baada ya fundo hilo la tisa. Hedhi ikija tena, kata uzi, anza upya. Kamba hiyo ukiipeleka kliniki hakuna atakayekucheka. Mkunga mwenye akili ataihesabu pamoja na wewe.

Na kama mwezi hukuutazama? Bado tuna kumbukumbu nyingine. Ziwa letu hufungwa kila mwaka tarehe 1 Desemba ili samaki wazaliane, na hufunguliwa Machi inapoingia. Hakuna nyumba hapa isiyojua siku hizo, maana sufuria yenyewe inajua. Kuna Uhuru wa Zambia tarehe 24 Oktoba. Kuna Krismasi. Kuna sherehe ya Mutomboko ya Mwata Kazembe kule Mwansabombwe, mwisho wa Julai. Basi usijiulize "tarehe ngapi". Jiulize: ziwa lilipofungwa, nilikuwa nimeshaona siku zangu au bado? Jumapili baada ya Krismasi nilikwenda kanisani, au nilibaki nyumbani kwa sababu ya tumbo? Tarehe inaibuka polepole, kama mtu anayevuta wavu.

Dada zetu wa Mantapala, ninawafikiria hapa. Wengi mlivuka kutoka Katanga na Tanganyika, kule Kongo, mwaka 2017, mkapokelewa Kenani, na mwaka uliofuata makazi ya Mantapala yakafunguliwa. Kuna aliyeniambia, "Mama, siku niliyokimbia naijua saa yake, lakini kadi ya kliniki ilibaki chini ya godoro." Hakupoteza kila kitu. Siku ya kukimbia nayo ni tarehe. Wiki mbili kabla ya kukimbia ulikuwa safi? Ulipofika upande huu, damu ilikuja au haikuja? Wengine damu husimama kwa hofu na njaa bila mimba yoyote, na hilo pia mwambie mkunga, usilifiche.

Sasa, baba, weka wavu chini. Hii ni yako.

Nirudi kwa mama wetu wa tarehe 21 Novemba. Mume wake alikuwa kambini, anavua. Ziwa likafungwa tarehe 1 Desemba, na jioni ileile akafika nyumbani. Karibu baba, karibu. Mwishoni mwa Januari, tarehe 30, mke anakwenda kliniki, na kadi inaandikwa: wiki 10. Mume anaishika kadi, naye anajua kuhesabu. Tangu 1 Desemba mpaka 30 Januari hazitimii hata wiki tisa. Wiki kumi inatoka wapi? Mimba hii nimeikuta?

Nyumba zimevunjika kwa hesabu hii. Wanawake wamerudishwa kwao wakiwa na kadi mkononi. Na mke hakuwa na la kujibu, kwa sababu hata yeye hakuelezwa.

Baba, nisikilize vizuri. Wiki za kwenye kadi hazihesabiwi kutoka siku mliyolala pamoja. Zinahesabiwa kutoka siku ya kwanza ya hedhi, na hedhi hiyo ilikuja kabla mimba haijakuwapo. Yai la mwanamke hutoka karibu wiki mbili baada ya hedhi kuanza. Kwa mama huyu, hiyo ni karibu tarehe 5 Desemba. Ulikuwa wapi tarehe 5 Desemba? Ulikuwa nyumbani, siku ya tano tangu utoke kambini. Siku mimba inapoingia, kadi tayari imeshaipa wiki mbili. Wakunga walichagua kuhesabu hivyo kwa sababu siku ya damu mwanamke huiona kwa macho, na siku yai linapotoka hakuna anayeiona. Wiki mbili za mwanzo kwenye kila kadi ya mimba, ya mke wa mvuvi na ya mke wa waziri, ni wiki ambazo mtoto hakuwapo.

Nalirudia, kwa sababu nataka lisikike hadi kwenye mitumbwi: kila kadi ya mimba ina wiki mbili za mwanzo ambazo mtoto hakuwapo. Toa mbili kwanza, ndipo uhesabu. Na ukishatoa, bado usisimame juu ya siku moja au mbili kumhukumu mtu, kwa maana hesabu yenyewe ina upana wake, kama nitakavyoeleza. Nawaomba mashemeji, nawaomba mama wakwe, nawaomba banachimbusa mnaowafunda mabinti wetu kabla ya ndoa: fundisheni na hili.

Tuendelee. Je, kila mwanamke anaweza kuhesabu kwa hedhi? Hapana. Ile njia ya Naegele inamfikiria mwanamke anayeona siku zake kila baada ya siku 28. Wako wanaokaa siku 35, na hao yai hutoka kwa kuchelewa, kwa hiyo tarehe yao inasogea mbele karibu wiki moja. Yuko anayenyonyesha, hedhi haijarudi tangu kifungua mimba, na mimba ya pili imeshika hivyohivyo. Yuko aliyekuwa kwenye sindano ya uzazi wa mpango, akaiacha, damu inakuja leo na kupotea miezi. Na yuko aliyetokwa na damu kidogo mimba ikiwa imeshaingia, akadhani ni hedhi, naye akajikuta na hesabu iliyopungua mwezi mzima. Nyote hao, neno langu kwenu ni moja: nendeni kliniki mapema, msisubiri tumbo lionekane. Najua kuna woga wa kuitangaza mimba changa, watu wasije wakaitazama kwa jicho baya. Nenda kimya kimya. Mkunga hatangazi sokoni.

Mkunga anacho cha kutazama mbali na kumbukumbu yako. Ana mikono. Karibu na wiki ya 12 anaanza kuugusa mji wa mimba juu kidogo ya mfupa wa kinena. Ukifika kwenye kitovu, ni karibu wiki 20. Karibu na wiki ya 36 umepanda mpaka chini ya kifua, na mama analala ameegemea mito. Baadaye ana ule utepe wa kupimia, kama wa fundi cherehani. Anaushika chini kwenye mfupa, anaulaza juu ya tumbo mpaka mwisho wa mji wa mimba, anasoma. Kuanzia wiki ya ishirini na kitu, sentimita hukaribia wiki: sentimita 28, wiki 28 hivi, ikizidi au ikipungua moja au mbili. Nimewahi kukaa pembeni nikitazama mkunga mzee akifanya hivyo. Aliugeuza utepe, upande wa namba ukawa chini, akapima bila kuona, ndipo akaugeuza kusoma. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Nikiziona namba mapema, mkono wangu utatafuta ile ninayoitaka."

Na wewe mwenyewe unacho kipimo. Siku ya kwanza mtoto alipocheza. Kwa mimba ya kwanza huwa karibu wiki ya 20, kwa aliyekwisha kuzaa huwa mapema kidogo, maana anaujua mguso huo. Si kipimo cha kutegemea peke yake, lakini iandike siku hiyo, ifungie fundo lake.

Kipimo kinachozidi vyote ni ultrasaundi, ambayo ndugu zetu wa Kongo wanaiita ekografi. Wavuvi, hii mtaielewa upesi kuliko wengine. Kuna vyombo vinavyopiga sauti kwenda chini ya maji, sauti inagonga samaki au mwamba, inarudi, na nahodha anajua kilichoko chini. Daktari mmoja wa Glasgow, Ian Donald, aliyeijua teknolojia hiyo tangu alipokuwa jeshini wakati wa vita, aliifikisha kwenye tumbo la mama na kuandika habari zake mwaka 1958. Mtoto naye yuko majini. Sauti inakwenda, inarudi, picha inajichora, na mtoto anapimwa urefu kutoka kichwani hadi matakoni.

Lakini sikilizeni sharti lake. Katika miezi mitatu ya kwanza, watoto wote hukua karibu sawa. Wa Lusaka, wa Chisenga, wa Glasgow, urefu wao wa wiki ya kumi ni mmoja. Kwa hiyo kipimo kikifanywa wakati huo, kosa lake haliendi mbali na siku tano au saba. Baadaye kila mtoto anachukua umbo la kwao: huyu mnene, huyu mwembamba. Kipimo cha mwishoni mwa mimba kinaweza kukosea wiki mbili, hata tatu. Ndiyo maana tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri kila mama apate ultrasaundi moja kabla ya wiki ya 24. Na ukipimwa mara mbili ukapewa tarehe mbili tofauti, usichanganyikiwe. Ile ya mapema ndiyo ya kushika. Mtoto hajarudi nyuma wala hajaruka mbele.

Najua mtaniambia, mashine yenyewe iko mbali. Ni kweli, na sitaki kulipaka rangi. Lakini kuna habari ninayoipenda. Lusaka, watafiti wa Zambia pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, wamefundisha kompyuta kukadiria umri wa mimba. Mtu asiye mtaalamu wa picha anapitisha kifaa kidogo juu ya tumbo, huku na huku, na kompyuta inakadiria wiki. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2022, na yalikaribiana sana na ya wataalamu. Matumbo yaliyoifundisha kompyuta hiyo yalikuwa na matumbo ya mama zetu wa Zambia ndani yake. Natamani kuona kifaa kama hicho kikishuka kwenye boti pale Chisenga.

Sasa, wiki hizi zina kazi gani kabla ya siku ya kujifungua? Niseme la malaria, kwa sababu Nchelenge yetu ni miongoni mwa sehemu za Zambia zenye malaria nyingi kabisa, na hilo halihitaji mtafiti, kila nyumba imelia. Malaria ya mjamzito hujificha kwenye kondo la nyuma na kumnyima mtoto chakula, hata kama mama haumwi kichwa. Ndiyo maana mnapewa vile vidonge vitatu vya Fansidar, mnavimeza mbele ya muuguzi. Havianzi mpaka wiki ya 13, kisha vinarudiwa mkipishanisha angalau mwezi mmoja. Asiyejua wiki zake ataanza kuchelewa, na dozi zitampita. Na wewe unayetumia Septrin kila siku, mwambie muuguzi, kwa maana wewe hupewi Fansidar.

Halafu lipo hili. Tumbo likionekana dogo, mkunga anajiuliza: tarehe imekosewa, au mtoto hakui? Malaria inaweza kumfanya mtoto awe mdogo. Bila tarehe ya kuaminika, mtoto anayekonda tumboni anaambiwa bado mchanga, tusubiri. Na uchungu ukianza mapema, kuna sindano zinazosaidia mapafu ya mtoto kukomaa, zinazotolewa kabla ya wiki ya 34 kupita. Daktari atauliza wiki. Atauliza kwa haraka, na jibu la katikati, katikati halitamtosha.

Tumalize na tarehe yenyewe, ile 28 Agosti. Watu wanaichukua kama siku ya harusi, wageni wanajiandaa, na ikipita wanaanza kunong'ona. Ndugu zangu, kati ya watoto ishirini, anayezaliwa siku ileile iliyoandikwa huenda akawa mmoja tu. Mtoto ametimia kuanzia wiki ya 37, na kuna wanaokwenda mpaka ya 41. Kwa mama wetu, maana yake ni kuanzia tarehe 7 Agosti mpaka Septemba imeingia. Huo ni mwezi mzima wa kungoja, na siku yoyote ndani yake ni siku njema. Ila wiki ya 41 ikitimia kimya, nenda kituoni, usikae nyumbani ukisema mtoto atakuja akitaka.

Kwa hiyo mtu wa kisiwani asifunge safari yake kwa tarehe 28. Arudi nyuma wiki nne. Wiki ya 36 ya mama wetu inaangukia tarehe 31 Julai. Ngoma za Mutomboko zikisikika Mwansabombwe, yeye awe anafunga mzigo: vitenge viwili safi, nguo za mtoto, sabuni, unga, kadi. Vituo vingi vya afya Zambia vina nyumba ya akina mama wanaongoja, ambapo unalala karibu na mkunga mpaka siku ifike. Ulizeni kituo chenu, wengi wetu hatuitumii kwa kutojua. Baba, nafasi kwenye boti itafutwe mchana, kukiwa na utulivu. Na watoto wanaobaki nyumbani wapate mtu wa kuwapikia, kwa maana mara nyingi mama hakatai kwenda kwa ujinga, anakataa kwa sababu ya sufuria ya wale wanaobaki.

Yako mambo yasiyongoja tarehe yoyote. Damu, maji kuchuruzika, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, homa, degedege, mtoto kuacha kucheza. Hapo usihesabu kitu. Vuka.

Barua moja imenifikia, na muda unaniruhusu kuijibu. Bibi mmoja anasema mjukuu wake ni msichana, ana mimba ya kwanza, hajui siku zake na anaona aibu kuulizwa. Afanye nini? Bibi, usimuulize habari za damu. Muulize chisense mlizonunua pamoja pale mchangani, zile mlizoanika, ilikuwa usiku wa giza au wa mbalamwezi? Alikuwa anabeba beseni kama kawaida, au alilalamika tumbo? Anzia hapo, mkiwa mnachambua mboga, wawili tu. Kisha kesho umsindikize kliniki wewe mwenyewe, na kamba yenye mafundo uifunge kwenye ncha ya kitenge chako.

Tutakutana tena wiki ijayo, saa hizihizi. Shalenipo mukwai. Kwaherini.